Kamera Ndogo ya Kidijitali na Mwanga wa Dar es Salaam: Mwongozo kwa Mnunuzi na Mtumiaji

Kamera ndogo ya kidijitali, yaani ile inayoingia mfukoni, ambayo lenzi yake haibanduliwi na ambayo picha zake huhifadhiwa kwenye kadi badala ya filamu, hunadiwa madukani kwa namba mbili zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi: idadi ya megapikseli na ukubwa wa zumu. Namba hizo si za uongo, lakini hazimwelezi mnunuzi jambo analolihitaji zaidi, ambalo ni kiasi cha mwanga ambacho kamera hiyo inaweza kukikusanya, na jinsi itakavyofanya kazi mwanga unapokuwa mwingi kupita kiasi au unapokuwa haba. Kwa mkazi wa Mbagala, Chamazi, Tandale au Bunju suala hilo ndilo linaloamua kama fedha yake imekwenda mahali pake, kwa sababu shughuli nyingi zinazopigwa picha katika maeneo hayo ya Temeke na Kinondoni hufanyika ama chini ya jua la utosi, ama chini ya turubai, ama usiku ukumbini, na ni chache zinazofanyika katika mwanga ule wa wastani unaotumika kupigia picha za matangazo ya kamera zenyewe. Mwongozo huu unazipitia sifa za kiufundi za kamera hizo kwa kufuata njia ya mwanga, kuanzia unapoingia kwenye lenzi hadi unapokuwa faili ndani ya kadi.

Kihisi kabla ya megapikseli

Nyuma ya lenzi ya kila kamera ya kidijitali kuna bamba dogo la silikoni liitwalo kihisi, ambalo kazi yake ni kuugeuza mwanga kuwa chaji ya umeme inayoweza kupimwa na kuandikwa kwa namba. Bamba hilo limegawanyika katika mamilioni ya vinukta viitwavyo pikseli, na pikseli milioni moja ndizo huitwa megapikseli. Kamera ya kwanza ya aina hii, iliyoundwa na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na megapikseli 0.01 tu, ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo wingi wa pikseli ulikuwa kweli kipimo cha ubora. Wakati huo umepita. Picha ya kuchapishwa ya sentimita 10 kwa 15, ambayo ndiyo huombwa zaidi, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji megapikseli zisizofika 9. Karibu kila kamera inayouzwa ikiwa mpya leo inavuka kiasi hicho, na mteja anayeambiwa achague ya megapikseli 20 badala ya 16 anaambiwa jambo lisilokuwa na uzito wowote kwa picha ya pasipoti, kwa albamu ya harusi wala kwa picha ya kutuma kwenye simu.

Jambo lenye uzito ni ukubwa wa kihisi chenyewe. Kamera ndogo za bei nafuu, kwa mfano Sony DSC-W800 ya mwaka 2014 na Canon IXUS 185 ya mwaka 2017, zina kihisi kiitwacho cha inchi 1/2.3, ambacho upana wake ni milimita 6.2 na kimo chake milimita 4.6 hivi, ukubwa usiozidi ukucha wa kidole kidogo. Daraja la juu yake lina kihisi kiitwacho cha inchi 1, na ndilo lililoanza kujulikana sana Sony ilipotoa RX100 mwaka 2012. Kihisi hicho kina milimita 13.2 kwa 8.8, na eneo lake ni takriban mara nne ya kile kidogo. (Majina hayo ya inchi hayalingani na kipimo halisi cha bamba, kwa kuwa yamerithiwa kutoka enzi za mirija ya kioo ya kamera za televisheni, na mnunuzi asishangae akichukua rula na kuona hakuna inchi yoyote.) Kamera chache sana za mfukoni, kama Ricoh GR III ya mwaka 2019, zina kihisi kikubwa zaidi cha daraja liitwalo APS-C, lakini hiyo haina zumu kabisa, na bei yake huiweka mbali na wanunuzi wengi.

Pikseli milioni 20 zikipangwa kwenye kihisi cha inchi 1/2.3, kila moja hupata eneo dogo mno, na mwanga unapopungua ishara yake huwa dhaifu kiasi kwamba hitilafu ndogondogo za umeme na za mwanga wenyewe huonekana katika picha kama mchanga wa rangirangi uliomwagika kwenye uso wa mtu. Mafundi huuita mchanga huo chenga, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi. Kihisi cha eneo kubwa mara nne hupokea mwanga mara nne katika muda uleule, na chenga zake huwa nusu, kwa maana uhusiano kati ya mwanga na chenga hufuata kipeuo cha pili.

Hapa inafaa kusemwa wazi jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi. Simu nyingi za kisasa za bei ya kati na ya juu zina kihisi kikuu kikubwa kuliko cha inchi 1/2.3, na zaidi ya hapo huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa mfululizo wa haraka ili kupunguza chenga, kazi ambayo kamera ndogo nyingi za bei nafuu haziifanyi. Mwenye simu ya namna hiyo anayenunua kamera ya kihisi kidogo kwa nia ya kupata picha nzuri zaidi za usiku atakuwa amenunua kifaa kilicho chini ya kile alicho nacho. Kamera ndogo ina sababu ya kununuliwa katika hali tatu tu: ikiwa kihisi chake ni cha inchi 1 au zaidi, ikiwa ina zumu ndefu ya lenzi ambayo simu haina, au ikiwa imejengwa kuvumilia maji na vumbi, kama Olympus TG-6 ya mwaka 2019 inayoweza kuzamishwa mita 15. Ile hamu ya vijana ya miaka ya karibuni, hapa na kwingineko, ya kutafuta kamera za miaka ya 2000 kwa ajili ya rangi zake za zamani, ni suala la ladha, na ladha haijadiliwi kwa vipimo.

Hesabu ya ukumbi na hesabu ya jua

Mwanga unaofika kwenye kihisi hudhibitiwa na mambo mawili, na jambo la tatu huja baada yake. La kwanza ni upenyo, yaani tundu la ndani ya lenzi linalofunguka na kufumba, ambalo huandikwa kwa namba kama f/2 au f/8, na namba hiyo ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. La pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, unaohesabiwa kwa visehemu vya sekunde. La tatu ni ISO, kipimo cha kiasi ambacho kamera inaikuza ishara ya kihisi baada ya mwanga kuingia. Kuipandisha ISO hakuongezi mwanga wowote, bali hukuza ishara pamoja na chenga zake.

Tofauti ya mwanga kati ya uwanja wa wazi saa 6 mchana na ukumbi wa kawaida wa sherehe saa 2 usiku hufika mara 1,000, na ni katika pengo hilo ambapo ubora wa lenzi hujulikana. Ukumbini, kamera yenye upenyo wa f/2 na ISO 1600 huweza kutumia kasi ya sekunde 1/125, ambayo inatosha kumnasa bibi harusi anayeingia kwa miondoko ya polepole. Kamera ambayo lenzi yake, ikivutwa hadi mwisho wa zumu, hubaki na upenyo wa f/6.4, kama ilivyo ile W800, italazimika katika ukumbi huohuo na kwa ISO hiyohiyo kushuka hadi sekunde 1/12 hivi, na kwa kasi hiyo hata mtu aliyesimama akitabasamu huwa ukungu. Kwa sababu hiyo namba za kusomwa kwenye uso wa lenzi kabla ya kutoa fedha ni zile f mbili zilizoandikwa kwa mstari mmoja, kwa mfano 1.8–4.9 au 1.8–2.8, ya kwanza ikiwa ni upenyo wa lenzi isiyovutwa na ya pili ikiwa ni upenyo wake ikivutwa hadi mwisho. RX100 ya kwanza huanzia f/1.8 lakini huishia f/4.9, yaani mwishoni mwa zumu hupokea chini ya moja ya saba ya mwanga wa mwanzoni. Canon PowerShot G7 X Mark III ya mwaka 2019 huishia f/2.8, na tofauti hiyo ina thamani kubwa usiku kuliko megapikseli zozote. Mwenye lenzi inayofifia namna hiyo anashauriwa asiivute ukumbini, bali aiache katika upana wake na asogee kwa miguu, hata kama itambidi aombe njia kati ya meza.

Mchana tatizo hugeuka. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini hasa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na katika miezi mingine halitoki mbali sana na hapo. Kwa kuwa saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 ilhali jiji liko karibu na 39, jua hufika kileleni si saa 6 kamili bali dakika 20 hivi baadaye. Katika muda huo, kwa ISO 125, upenyo wa f/1.8 ungedai kasi ya karibu sekunde 1/10,000, na shata ya RX100 ya kwanza haivuki 1/2000. Kamera hulazimika kufumba upenyo hadi f/4, na mtu aliyeinunua kwa sababu ya mandharinyuma yenye ukungu laini hawezi kuipata sifa hiyo saa 6 mchana mpaka ahamie kivulini au aivike lenzi kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Baadhi ya kamera zina kioo hicho ndani yake, nacho huwashwa kwenye menyu.

Jua la utosi lina athari nyingine isiyotatuliwa na mashine: macho ya mtu huwa mashimo meusi chini ya paji la uso, na kofia au ushungi huzidisha kivuli. Dawa mbili zinafaa. Ya kwanza ni kumwingiza mpigwa picha kwenye kivuli cha baraza, uso wake ukielekea nje kunakotoka mwanga. Ya pili ni kuwasha flashi mchana kweupe, jambo ambalo wengi huliona la ajabu ingawa ndipo flashi ndogo inapofanya kazi yake bora. Nyingi za kamera ndogo zina shata iliyo ndani ya lenzi yenyewe, na shata ya namna hiyo hukubaliana na flashi hata katika kasi kubwa sana, ilhali kamera nyingi kubwa za kubadilisha lenzi hukwama karibu na sekunde 1/250 zisipopewa flashi maalumu. Hili ni mojawapo ya mambo machache ambamo kamera ya mfukoni huishinda kamera ya gharama mara kumi.

Mpingo, kanzu na turubai

Kipimamwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimefundishwa kwamba wastani wa dunia ni rangi ya kijivu, na hujitahidi kukifanya kila kitu kifanane na kijivu hicho. Anayetaka kuona kosa hili kwa macho yake atachukua kinyago cheusi cha mpingo, kama vinavyouzwa katika soko la vinyago la Mwenge, akiweke mbele ya ukuta mweusi au kijaze fremu, kisha apige picha kwa mpangilio wa kawaida: mpingo utatoka wa kijivu, mng'ao wake utakuwa madoa meupe yaliyoungua, na mistari ya patasi itafifia. Akigeuza alama ya kuongeza na kupunguza mwanga, iliyoandikwa kwa jumla na toa, hadi toa 1, mweusi utarudi kuwa mweusi. Kisha ajaribu kinyume chake kwa mtu aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe, ambapo kamera itaitia kanzu ukijivu na kuuzamisha uso wa mvaaji gizani, na jumla 1 ndiyo itakayomtoa. Mfanyabiashara anayeuza vinyago kwa kutuma picha kwa wateja wa mbali hupoteza zaidi kwa kutojua kitufe hiki kimoja kuliko kwa ubovu wa kamera yake.

Ngozi nyeusi huathirika kwa namna hiyohiyo, na si jambo la leo. Kadi ambazo Kodak ilizisambaza kwa maabara za picha kwa ajili ya kulinganisha rangi za filamu zilikuwa, kwa miongo kadhaa, na picha ya mwanamke mzungu, na filamu zilisawazishwa kwa ngozi yake. Kamera za kidijitali zimepunguza upendeleo huo bila kuumaliza, hasa zile ambazo huutambua uso wa mtu na kupima mwanga wake, kwa kuwa utambuzi huo hukosea zaidi penye mwanga hafifu. Katika picha ya kundi lenye rangi za ngozi tofauti na mavazi meupe, ushauri bora ni kupima mwanga kwa uso ulio mweusi zaidi ulio muhimu, kisha kutazama kwenye skrini kama nguo nyeupe hazijaungua hadi kupoteza mikunjo yake. Kamera inayoweza kuhifadhi picha ghafi, yaani faili yenye taarifa zote za kihisi kabla hazijabanwa kuwa JPEG, humpa mtumiaji nafasi ya kurekebisha baadaye, na RX100 na G7 X zote zinaweza. Nyingi za bei nafuu haziwezi.

Turubai linahitaji maelezo yake. Shughuli nyingi za mitaani, iwe msiba, maulidi au harusi, hufanyika chini ya maturubai na mahema ya rangi ya bluu, njano au kijani, na mwanga unaopenya humo huwapaka watu wote rangi ya kitambaa. Kamera ina mpangilio wa usawazishaji wa nyeupe, ambao huieleza ni mwanga wa rangi gani uhesabiwe kuwa mweupe, na mpangilio wake wa kujiendesha hushindwa mara nyingi chini ya turubai la bluu, nyuso zikatoka kama za watu waliopigwa na baridi. Njia ya uhakika ni kuchagua mpangilio wa kupimwa kwa mkono, kuilenga kamera kwenye karatasi nyeupe iliyowekwa ndani ya turubai hilohilo, na kubonyeza. Kazi hiyo huchukua nusu dakika na hutumika kwa shughuli nzima, ilimradi mpigapicha akumbuke kuiondoa akitoka nje.

Usiku flashi iliyojengwa ndani hufika mbali kidogo tu, kwa kuwa umbali ukiongezeka mara mbili mwanga wake hupungua mara nne, na ndiyo maana meza ya kwanza huungua huku ukumbi uliobaki ukiwa mweusi. Mahali penye vumbi, kama kwenye ngoma inayochezwa kwenye mchanga, au penye manyunyu, flashi iliyo karibu na lenzi humulika chembe zilizo mbele kabisa ya kamera na kuzigeuza kuwa miduara myeupe inayoelea hewani. Wapo wanaoieleza miduara hiyo kuwa majini. Ikizimwa flashi, majini hayo hayatokei.

Zumu na umbali

Zumu ya lenzi, inayotokana na vioo kusogea, ni sifa ya kweli; zumu ya kidijitali ni kukata katikati ya picha na kuitanua, kazi inayoweza kufanywa baadaye kwa simu bila hasara, na inafaa izimwe kwenye menyu siku ya kwanza. Canon PowerShot SX740 HS ya mwaka 2018 huandikwa zumu mara 40, kwa maana kwamba urefu wake huanza kwenye milimita 24 na kufika 960 kwa kipimo cha kulinganisha na filamu ya milimita 35. Kamera ya namna hiyo humleta karibu mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja wa Azam Complex, Chamazi, lakini kihisi chake ni kile kidogo na upenyo wake mwishoni ni f/6.9, kwa hiyo mechi ya saa 10 alasiri itapigwa vizuri na mechi ya usiku chini ya taa itakuwa chenga na ukungu. Kanuni ya zamani isemayo kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa lenzi ingedai 1/1000 kwa milimita 960. Kitulizamtikisiko kilicho ndani ya lenzi huruhusu kasi ndogo zaidi kwa kitu kilichosimama, lakini hakimzuii mchezaji kukimbia. Mchana wa joto, picha za mbali zilizopigwa juu ya lami au paa za bati hutetemeka kama zilizopigwa kupitia maji, na hilo ni kosa la hewa iliyopashwa moto, si la lenzi. Dawa yake ni kupiga asubuhi mapema.

Upande wa karibu kabisa hausemwi sana na ni mzuri. TG-6 inaweza kulenga kitu kilicho sentimita 1 kutoka kwenye lenzi. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, ya karne ya 18, ambamo vyombo vya kauri kutoka China vilipachikwa katika chokaa ya matumbawe, uwezo huo huonyesha nyufa za rangi ya kauri na alama za vyombo vilivyong'olewa, na picha ya namna hiyo ina faida kwa mwalimu wa historia kuliko picha ya jumla ya magofu.

Video, umeme na sauti

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mzunguko wa mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoutumia hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Kamera nyingi zilizotumika huingia nchini zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani, unaorekodi fremu 30 au 60 kwa sekunde, na matokeo yake ukumbini ni mistari ya giza inayopanda na kushuka kwenye video nzima, ambayo mteja huidhania kuwa ubovu wa kamera. Menyu ikiruhusu, mfumo ubadilishwe kuwa PAL, video irekodiwe kwa fremu 25 au 50, na kasi ya shata iwekwe 1/50 au 1/100. Skrini kubwa za LED za kwenye majukwaa zina mzunguko wake zenyewe na huenda zikaendelea kuleta mistari.

Video ya 4K, yenye pikseli mara nne ya ile iitwayo Full HD, hupasha kihisi moto. Watengenezaji wengi wa kamera ndogo huzipa kiwango cha kazi cha nyuzi 0 hadi 40 za Selsiasi, na kamera iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani huanza kazi ikiwa imeshavuka kiwango hicho. Itajizima katikati ya tukio. Sauti ni udhaifu mwingine. Maikrofoni za ndani ni ndogo, upepo wa baharini huzifunika, na spika za muziki wa singeli wa Tandale au Manzese huzizidi nguvu mpaka sauti ikapasuka, na sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi. Kamera yenye kiwango cha sauti kinachopunguzwa kwa mkono, au tundu la maikrofoni ya nje kama lile la G7 X Mark III, ndiyo ya kuchukuliwa na anayerekodi sherehe kwa malipo. Wengine wanaweza kusogea mbali na spika.

Kadi na betri

Kadi za kumbukumbu za hadi gigabaiti 32 huitwa SDHC, na zile zinazozidi hapo SDXC, ambazo kamera nyingi za kabla ya mwaka 2010 hazizisomi, kwa hiyo anayenunua kamera ya zamani asinunue kadi kubwa. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula megabaiti 750 kwa dakika, na kadi ya gigabaiti 64 hujaa kabla ya saa moja na nusu. Kwa kazi hiyo kadi iwe na alama ya V30, inayohakikisha uandikaji wa megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Kadi feki ni nyingi. Feki ya hatari zaidi ni ile iliyochezewa ijitangaze kuwa na gigabaiti 128 ilhali ndani ina 8, ambayo hupokea picha zote bila kulalamika na kuandika mpya juu ya za zamani. Kadi ijaribiwe kwenye kompyuta kabla ya shughuli kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo huijaza kadi yote na kusoma tena kilichoandikwa. Jaribio huchukua muda mrefu kwa kadi kubwa, lakini picha za ndoa hazipigwi mara mbili.

Betri za kamera hizi ni ndogo. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, RX100 ya kwanza hupiga picha 330 kwa chaji moja na G7 X Mark III 235, na video hupunguza kiasi hicho haraka. Katika mitaa ambayo umeme hukatika, kamera inayochajiwa kwa waya wa USB ina faida kubwa, kwa kuwa huchajiwa kwa pawabenki au kwenye gari, na betri ya pili si anasa.

Kununua iliyotumika

Sehemu inayoharibika kwanza ni lenzi inayotoka na kurudi, kwa sababu punje moja ya mchanga wa Coco Beach ikiingia kati ya mapete yake huizuia, na kamera huandika ujumbe wa hitilafu ya lenzi na kugoma. Mnunuzi aiwashe na kuizima mara kadhaa, aivute hadi mwisho na kuirudisha, na asikilize kama kuna mkwaruzo. Kisha apige picha ya karatasi nyeupe au anga kwa upenyo mdogo, kama f/8, na kuikuza kwenye skrini: madoa ya kijivu yasiyohama ni vumbi lililofika kwenye kihisi, na kwa kuwa lenzi haibanduliwi, kuliondoa ni kazi ya fundi wa kuifumua kamera nzima. Lenzi imulikwe kwa tochi ya simu kutafuta nyuzi nyeupe za kuvu. Lugha ya menyu ikaguliwe pia, kwani baadhi ya kamera za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina Kijapani peke yake. Risiti ya EFD iombwe hata kwa kifaa kilichotumika, kwa maana kamera isiyokuwa na karatasi inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Kuhusu mahali pa kupigia, kambi za kijeshi kama Lugalo na maeneo ya bandari ya Kurasini si pa kujaribia zumu. Anayepiga picha za watu kwa biashara anapaswa pia kujua kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu picha inayomtambulisha mtu, na ridhaa iliyoandikwa ni kinga bora kuliko ya mdomo.

Unyevu wa pwani ndio adui wa kudumu wa kamera baada ya mchanga, na huzidi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kamera isihifadhiwe kwenye mfuko wake wa ngozi wala kabatini penye nguo, bali kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli, ambavyo hukaushwa upya kwa joto dogo vinapojaa maji. Ikitolewa kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda nje, lenzi yake hufunikwa na mvuke papo hapo. Mpigapicha aliyekuwa ndani ya ukumbi wa baridi na anayetakiwa kupiga maharusi wakitoka mlangoni aifungie kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, aiache ipate joto kwa dakika 15 hadi 20 ikiwa humo, na asiifute kwa pindo la shati.